Vyumba Mia vya Bwana Locke

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na wengine wenu wameanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama! Nilikuwa nimeketi sakafuni nyumbani, nimezungukwa na madaftari, natafuta ukurasa mmoja tu.

Mambo yalianza hivi. Tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa na mazoea ya kuandika maoni yangu kuhusu kila kitabu ninachosoma. Si uhakiki wa kitaalamu, ni mambo ya kujifurahisha tu: kilichonipendeza, kilichoniudhi, neno jipya nililojifunza. Leo nina madaftari 11 ya kurasa 200. Marehemu baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiyachukua bila kuomba ruhusa na kuandika maoni yake pembeni kwa penseli. Tulibishana humo kwa miaka mingi, mimi kwa kalamu ya wino, yeye kwa penseli.

Basi jioni moja mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, mama anasema babu aliwahi kukukosoa kuhusu Siku Njema. Aliandika nini?" Yeye hakubahatika kumjua babu yake vizuri. Nikamjibu kwa majivuno kwamba nitamsomea baada ya dakika tano.

Dakika tano zikawa saa tatu, saa tatu zikawa siku mbili. Sikuupata ukurasa. Na mimi ndiye ninayelipwa mshahara kila mwezi nitengeneze hifadhidata za watu wengine! Kweli mganga hajigangi.

Niliposhindwa nilifanya kile ninachofanya kazini nikikwama: niliuliza ni nani aliyekumbana na tatizo hili kabla yangu. Jibu ni kwamba karibu kila mtu aliyewahi kusoma vitabu vingi amekumbana nalo. Historia yake ni tamu, na ndani yake kuna kanuni ambayo sisi waandishi wa programu tunaitumia kila siku tukidhani ni ya kwetu. Vuta kiti.

Orodha kabla ya kurasa

Tuanze Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Maktaba ya mji huo ilikuwa na magombo mengi mno hata hapakuwa na mtu wa kuyakumbuka yote. Mshairi Callimachus akatunga orodha iliyoitwa Pinakes, yaani "mbao". Inasemekana orodha hiyo pekee ilijaza magombo 120. Iliwapanga waandishi kwa aina ya maandishi yao: washairi, wanasheria, wanafalsafa na wengineo, kisha ikaeleza kila mmoja alikuwa nani na aliandika nini.

Lakini orodha ya Callimachus ilikuambia kitabu kipo, haikuweza kukuambia jambo liko wapi ndani ya kitabu. Gombo halina kurasa. Ukitaka sehemu ya katikati unalikunjua mpaka ufike. Faharasa tunayoijua sisi ilingoja kitabu chenye kurasa za kufungua, na ilingoja watu wenye haja nayo. Watu hao walipatikana Paris katika karne ya 13: watawa wa Kidominiko, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, waliokusanya maneno ya Biblia ya Kilatini na kuonyesha kila neno linapatikana wapi. Walimaliza kazi yao ya kwanza katika miaka ya 1230.

Tazama walichofanya. Badala ya kusema "sura hii ina maneno haya," walisema "neno hili liko kwenye sura hizi." Waligeuza jambo juu chini. Mitambo mingi ya kutafuta habari kwenye intaneti imejengwa juu ya ugeuzaji huohuo, na sisi huuita faharasa geuzi. Tofauti ni kwamba watawa walitumia manyoya ya kuandikia na tarakilishi hutumia umeme.

Shida ya vichwa vilivyopangwa mapema

Uchapaji ulipoenea Ulaya, vitabu vikawa vingi na wasomaji wakalemewa. Wanafunzi wakafundishwa kuweka daftari la kunakili mambo mazuri waliyoyasoma. Msomi Erasmus, katika kitabu chake De Copia cha mwaka 1512, aliwashauri watayarishe vichwa mapema, kama vile imani, urafiki au ukatili, kisha kila wanachokipata wakiweke chini ya kichwa chake.

Ushauri mzuri, lakini jaribu uone. Unatenga kurasa kumi za urafiki na kumi za ukatili. Baada ya mwaka mmoja ukatili umefurika mpaka unaandika pembeni, na urafiki una mistari miwili. Mtu yeyote aliyewahi kutenga nafasi ya kumbukumbu kwenye programu kabla ya kujua data itakuwa kiasi gani anaifahamu shida hii vizuri.

Conrad Gessner wa Zurich alipata njia nyingine. Mwaka 1545 alichapisha Bibliotheca universalis, orodha ya vitabu takriban 10,000 vya waandishi wapatao 3,000, akiwapanga kwa alfabeti ya majina yao ya kwanza. Miaka mitatu baadaye alitoa sehemu iliyopanga mambo kwa mada, na humo akaeleza siri yake ya kazi: andika kila jambo jipya kwenye mstari wake, kata karatasi kwa mkasi, panga vikaratasi upendavyo, ndipo ubandike. Kwa lugha yetu, Gessner alitenganisha data na mpangilio wake. Kikaratasi kinaweza kuhama, lakini mstari ulioandikwa daftarini hauwezi.

Bwana Locke uhamishoni

Sasa tumfikie mwenyewe. John Locke, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1632, anajulikana zaidi kwa falsafa na siasa. Mwaka 1683, mambo ya siasa yalipochacha kwao, alikimbilia Uholanzi na kukaa huko hadi mwaka 1689. Akiwa uhamishoni, mwaka 1686, alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la Bibliothèque universelle. Haikuwa makala kuhusu haki za raia. Ilihusu namna ya kupanga daftari! Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1706, miaka miwili baada ya kifo chake.

Njia yake ni hii. Chukua kurasa mbili za kwanza za daftari zinazotazamana. Chora orodha ya herufi, na chini ya kila herufi weka mistari mitano, mmoja kwa kila irabu: a, e, i, o, u. Locke aliziacha herufi K, Y na W kwa kuwa kwake C, I na U zilitosha, na Q akaiweka kwenye nafasi ya tano ya Z. Akabaki na herufi 20. Mara irabu 5, hivyo ni vyumba 100.

Ukisoma jambo unalotaka kulihifadhi, lipe neno moja la kulitambulisha. Tazama herufi ya kwanza ya neno hilo na irabu ya kwanza inayofuata. Neno la Kilatini epistola, yaani barua, linaingia chumba cha E-i. Kwa Kiswahili, "ndoa" itaingia N-o, "elimu" itaingia E-i na "vita" itaingia V-i. Kama chumba bado ni kitupu, fungua kurasa mbili za kwanza zilizo wazi, andika humo, kisha rudi kwenye orodha ujaze namba ya ukurasa. Kama chumba kina namba tayari, nenda kwenye ukurasa huo uendelee. Ukurasa ukijaa, andika chini yake namba ya ukurasa mwingine ulio wazi uendelee huko.

Hakuna nafasi inayotengwa bure. Urafiki ukikosa cha kuandikwa hauli hata karatasi moja, na ukatili ukifurika unasonga mbele bila kumsumbua mtu. Orodha nzima ni kurasa mbili tu.

Wale wenzangu wa fani hii nadhani wameshaanza kutabasamu. Kwa wengine nieleze. Mwezi Januari 1953, Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliandika waraka wa ndani wa kampuni akipendekeza namna ya kuharakisha utafutaji. Usipekue rekodi zote, alisema. Chukua jina au namba yenyewe, ipitishe kwenye hesabu fupi, na jibu likuambie ni kapu gani la kufungua. Rekodi mbili zikiangukia kapu moja, ziunganishe kama mnyororo. Mbinu hiyo huitwa hashi, na hakuna programu kubwa leo isiyoitumia. Luhn ndiye pia aliyebuni hesabu inayokagua namba za kadi za benki.

Linganisha na Locke. Neno linapita kwenye kanuni fupi, jibu ni chumba, na ukurasa ukijaa unaunganishwa na mwingine. Kanuni ni ileile, ila ya Locke ilitangulia kwa zaidi ya miaka 260 na haikuhitaji stima.

Nilipojaribu kwa Kiswahili

Nilifurahi kama mtoto. Jumamosi moja nikaandika namba kwenye kurasa zote za madaftari yangu, daftari la 4 ukurasa wa 137 ukawa 4/137, na kadhalika. Nikachora vyumba vya Locke. Alfabeti nikairekebisha: Q na X nikazitupa, C nikaifanya CH, na K, Y na W nikazirudisha kwa heshima, kwani Kiswahili bila K kitasemwaje? Nikapata herufi 24, mara irabu 5, vyumba 120. Idadi ileile ya magombo ya Callimachus! Nikaona ni dalili njema.

Haikuwa dalili njema. Kufikia jioni chumba cha K-i kilikuwa kimejaa hadi kizingitini: kifo, kiburi, kisasi, kijiji, kizazi. Chumba cha M-a nacho kilikuwa kama matatu ya jioni: maisha, malezi, mauti, maskini. Mstari mzima wa U ulifurika: uhuru, ukoloni, ufisadi, usaliti. Upande wa pili vyumba vya Z vilikuwa vimekaa vitupu vikipigwa na upepo.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Nilikuwa nimeandika mara nyingi kuhusu mapenzi katika riwaya. Mahali pengine niliita "mapenzi," nikaweka M-a. Kwingine "upendo," U-e. Kwingine "mpenzi," M-e. Na mara moja "kipenzi," K-i. Jambo moja, vyumba vinne, na hakuna mlango kati yake.

Kosa si la Locke. Yeye alipanga Kilatini, na Kilatini hubadilisha mwisho wa neno. Mwanzo wake hutulia, kwa hiyo kuangalia mwanzo ni salama. Kiswahili ni lugha ya ngeli: mabadiliko mengi ya nomino yapo mwanzoni. Locke aliuliza mlangoni "jina lako nani?", na maneno yetu yakamwonyesha kofia zao.

Shida hiihii iliwakuta watunzi wa programu za kutafuta. Mwaka 1968 Julie Beth Lovins alichapisha kanuni ya kwanza ya kupunguza maneno ya Kiingereza yabaki mashina, na mwaka 1980 Martin Porter akatoa yake, ambayo ilisambaa duniani kote. Zote mbili hukata mkia. Kiswahili kinataka kukatwa kichwa, na mara nyingi mkia pia. Ndiyo maana unaweza kutafuta "vitabu" mahali fulani ukaambiwa hakuna kitu, kumbe "kitabu" kipo hapohapo.

Watunga kamusi wetu walilijua jambo hili zamani. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson iliweka nomino nyingi zilizotokana na vitenzi chini ya vitenzi hivyo, ili uone ukoo mzima umeketi pamoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 ilifuata zaidi alfabeti ya neno lenyewe, na hiyo humfaa mwanafunzi mwenye haraka. Ni mambo mawili ambayo huwezi kuyapata yote kwa ukamilifu: ama ukoo ukae pamoja, ama neno lipatikane mara moja.

Basi nikaamua kufuata shina. Mapenzi, upendo, mpenzi na kipenzi wote wakaingia P-e. Usaliti na msaliti wakaingia S-a. Utawala na mtawala, T-a. Vyumba vikaanza kupumua.

Lakini msikate ovyo! Jaribu kukata kichwa cha "kitabu" uone unachobaki nacho: "tabu." Neno hilo lilitoka Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo ni sehemu ya asili yake, pamoja na k, t, b zinazosikika pia katika "katibu" na "maktaba." Kiswahili kilipolipokea kililivika ngeli ya ki-vi, tukapata "vitabu." Kwa hiyo nilijiwekea sharti: nakata kiambishi pale tu shina linapojulikana kwa sura nyingine, kama kitenzi au nomino jirani. Mtu hufanya uamuzi huu bila kufikiri. Programu inahitaji kamusi ndipo iuweze.

Kadi, namba na mahali petu

Baada ya Locke dunia ilirudi kwenye mkasi wa Gessner. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, serikali iliyonyang'anya maktaba za kanisa ilitoa maagizo mwaka 1791 kwamba vitabu viorodheshwe nyuma ya karata za kuchezea, kwani zilikuwa ngumu, za kipimo kimoja, na upande mmoja haukuwa na kitu. Mwaka 1861 Ezra Abbot wa Harvard alianza kuwawekea wasomaji wenyewe katalogi ya kadi, si wakutubi peke yao. Mwaka 1876 Melvil Dewey akachapisha mfumo wake wa namba.

Ukiingia maktaba nyingi za umma hapa Kenya utakutana na Dewey. Riwaya za Kiswahili utazipata kwenye 896.392, yaani ndani ya 890, sehemu iliyotengewa fasihi za lugha "nyingine." Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima, na ile ya Marekani 810. Dewey alifanya kama Erasmus: alitenga nafasi kabla ya kuona data. Kule alikokaa yeye Kiswahili kilikuwa mstari mmoja, basi kikapewa mstari mmoja. Sisi tunaokaa hapa tunatembea na desimali.

Simlaumu sana, mfumo wake umesaidia mamilioni. Ila funzo ninaloliona ni kwamba kila mpangilio una mwenyewe. Namba za Dewey zinaonyesha rafu za nani alizipanga, na vyumba vya Locke vinaonyesha lugha gani alisoma. Ukichukua mpangilio wa mtu bila kuupima kwa lugha yako, usishangae mambo yako yakipotea ukiwa umeyashika mkononi.

Jambo la mwisho nililiazima kwa Karen Spärck Jones, msomi wa Cambridge. Mwaka 1972 alionyesha kwamba neno linalopatikana kila mahali halisaidii kutafuta, na neno adimu lina uzito zaidi. Nikayafuta maneno kama "mhusika" na "riwaya" kwenye orodha yangu. Yalikuwa kwenye kila ukurasa, kwa hiyo hayakunielekeza popote.

Kama nawe una madaftari

Fanya hivi. Kwanza, andika namba kwenye kila ukurasa, za zamani usizinakili upya wala usizihamishe. Pili, pitia ukurasa mmoja mmoja na uupe maneno mawili au matatu, si zaidi, yakiwa katika mashina. Tatu, jaza vyumba 120. Nne, ukiandika jambo jipya, jaza orodha kabla ya kulala. Mimi ilinichukua Jumamosi nne. Unaweza kuifanya kwenye tarakilishi, lakini kurasa mbili za karatasi zinatosha na hazihitaji kuchajiwa.

Na ule ukurasa? Niliupata Jumamosi ya tatu, kwenye 6/88. Nilikuwa nimeupita mara mbili kwa sababu nilitafuta jina la Siku Njema juu ya ukurasa, na halikuwepo. Kumbe nilikuwa nikiandika kuhusu Kufa Kuzikana, riwaya nyingine ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 2003, na katikati nikakumbuka ile ya kwanza, yule kijana anayemtafuta baba yake. Nikasema kwa ujuvi wa ujana kwamba safari yake ni ndefu kupita kiasi. Nilipokuwa nikijaza orodha niliupa ukurasa huo neno "baba," B-a, hata kabla ya kuona kilichoandikwa pembeni.

Penseli imefifia lakini inasomeka: "Umesoma mbio. Rudia."

Nilimpigia mpwa wangu nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ulirudia, mjomba?"

Sikuwa nimerudia. Nimeanza juzi, niko sura ya tatu, nasoma polepole. Nikimaliza nitaandika kwenye daftari la 12, B-a.

Haya, tukutane tena wasomaji wangu. Na wewe mwenye lugha yako ya mama, hebu jaribu vyumba vya Locke kwa lugha hiyo uniambie ni chumba kipi kilichojaa kwanza.